Kwa Nini Kifungo Anahema?

Mtaa mzima ulimwita Fundi. Hata watoto waliokuja kushonewa mikoba iliyochanika walisema, "Shikamoo Fundi," naye aliitikia bila kuinua macho kwenye sindano, "Marahaba, weka hapo, usikanyage kitambaa."

Chumba chake cha mbele kilitazama barabara. Humo mlikuwa na cherehani mbili, moja ya kukanyaga na moja ya umeme, meza ndefu ya kukatia, na meza ya pasi pembeni. Nyuma ya pazia ndiyo ilikuwa nyumba yenyewe. Aliishi humo na baba yake mzazi.

Huyo baba alikuwa dereva wa malori mpaka alipostaafu. Watu walimwita Babu Breki, kwa sababu alijisifu kwamba miaka yote ya barabarani hakuwahi kugonga hata kuku.

"Kuku wenyewe walinijua," alikuwa akisema. "Wakisikia breki zangu, wananiamkia."

Lakini mkewe alipofariki, Babu Breki aliishiwa maneno. Alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango, akitazama magari ya watu wengine. Fundi, binti yake, alimwongelesha, akajibiwa "ndiyo" na "hapana" tu.

Kilichomrudisha mzee kwenye uzungumzaji kilikuwa panya. Panya walitafuna bitana ya gauni la bibi harusi, gauni lenyewe likiwa limebakiza kupigwa pasi. Fundi alilia kwa hasira. Siku hiyohiyo alikwenda kwa mwokaji mikate, ambaye paka wake alikuwa amezaa, akarudi na paka mdogo mweusi ndani ya mfuko wa kitambaa. Kifuani alikuwa na doa moja jeupe la mviringo.

"Huyu ana kifungo," alisema Babu Breki, akamwinua juu. "Bado matundu tu."

Basi akaitwa Kifungo. Panya walihama. Mzee akapata kazi: alifunga utepe kwenye fimbo, akawa anauburuta sakafuni, na Kifungo anaukimbiza. Paka aliruka juu ya meza, akateleza kwenye vitambaa, akaangusha vibobini vya uzi. Fundi alifoka, "Baba, hapa ni kazini!" lakini moyoni alifurahi. Nyumba ilikuwa na kelele tena.

Zaidi ya mwaka ulipita hivyo. Kifungo akawa paka mkubwa, lakini bado kijana.

Kisha mambo yakaanza kubadilika, polepole mno kiasi kwamba hakuna aliyeshtuka. Utepe ulipopita, Kifungo aliukimbiza mara moja, akakaa. Baadaye akawa anaugeuzia macho tu. Alipenda kujificha chini ya meza ya pasi, nyuma ya boksi la vipande vya vitambaa. Chakula alikinusa, akakilamba kidogo, akaondoka.

"Amekuwa mtu mzima," alisema Babu Breki. "Ameacha utoto."

"Au anakula panya wa jirani," alisema Fundi.

Siku moja alipombeba ili amtoe juu ya kitambaa, vidole vyake viligusa mifupa ya mgongo. Aliishika tena. Akajiambia, "Nikimaliza hizi sare za shule, nitampeleka akatazamwe." Lakini sare zilikuwa rundo, na wazazi walikuwa mlangoni. Kesho ikazaa kesho nyingine.

Mchana mmoja wa joto, Babu Breki alifanikiwa kumshawishi Kifungo acheze. Paka alikimbia upande mmoja wa chumba, akarudi, kisha akajilaza kifudifudi. Mdomo ulikuwa wazi. Ulimi ulitoka nje. Alihema ha-ha-ha-ha.

"Njoo uone!" aliita mzee. "Tulileta paka, amegeuka mbwa!"

Fundi alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri nao wakacheka. Babu Breki akamsogezea paka bakuli la maji. Baada ya muda Kifungo akafunga mdomo, akajikokota kwenda chini ya meza ya pasi.

"Ni joto," wote wakakubaliana.

Siku iliyofuata hapakuwa na joto. Mvua ilikuwa imenyesha na upepo ulipita mlangoni. Hakuna aliyecheza na Kifungo. Hata hivyo, alitoka mafichoni, akasimama katikati ya chumba, akafungua mdomo na kuhema. Safari hii hakuna aliyecheka. Babu Breki aliinuka, akaenda nyuma ya pazia, akakaa huko kitambo.

Fundi alikuwa bado amemkodolea paka macho aliposikia sauti mlangoni.

"Hodi hapa!"

"Karibu, daktari. Koti lako tayari."

Mgeni alikuwa mwanamke mrefu, mcheshi, mwenye kliniki ya wanyama barabara ya pili. Alikuwa ameleta koti lake jeupe lipunguzwe mikono, maana alisema mikono yake mirefu ilikuwa inaingia kwenye kila dawa. Fundi alilichukua koti kwenye kiango. Daktari alinyoosha mkono kulipokea, kisha mkono ukabaki hewani.

"Huyu paka ana muda gani hivi?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Anahema tu. Tangu jana. Tulidhani ni joto."

Daktari hakumkimbilia paka. Alipiga magoti mbali kidogo, akatulia, akamtazama. Fundi naye akatazama, na kwa mara ya kwanza akaona kile ambacho macho yake yalikuwa yakikipita kila siku. Kifungo hakulala kama paka anayelala. Alikuwa ameinama, viwiko vimetanuka pembeni, shingo ameinyoosha mbele. Tumbo lilikuwa likiingia na kutoka haraka haraka, kama mtu anayepuliza moto wa mkaa mbichi.

"Fundi, nisikilize," alisema daktari. "Mbwa akihema mdomo wazi, ni kawaida yake, anajipoza. Paka si mbwa. Paka mara chache anaweza kufanya hivyo akicheza sana au akiogopa sana, na hata hapo ni vizuri aangaliwe. Lakini paka aliyetulia, mahali pa baridi, akihema mdomo wazi, huyo hapati hewa ya kutosha. Hilo si jambo la kesho. Ni la sasa."

Fundi alipiga magoti kando yake. "Amekabwa na mfupa?"

"Inaweza kuwa mapafu, inaweza kuwa pumu, inaweza kuwa damu imepungua. Na inaweza kuwa moyo. Kwa macho peke yake siwezi kujua. Ana umri gani?"

"Hajafika hata miaka miwili. Moyo utamuuma vipi kijana hivi?"

"Ugonjwa wa moyo haungoji uzee. Kuna paka wanaozaliwa na kasoro, na kuna wengine ambao misuli ya moyo inanenepa wakiwa bado vijana. Niambie, anakula?"

"Ananusa tu."

"Anacheza?"

"Ameacha. Anajificha."

"Amewahi kuanguka ghafla? Kuzimia?"

Fundi alifikiri. "Aliwahi kuruka kutoka dirishani, akalala ubavu, akanyooka kama kijiti. Halafu akaamka. Tulisema ameteleza."

Daktari alitikisa kichwa taratibu. "Na miguu ya nyuma? Haijawahi kulegea, au kuwa ya baridi, huku analia kwa maumivu?"

"Hapana. Hiyo hapana."

"Vizuri. Hiyo ikitokea ni hatari kubwa. Ni damu iliyoganda imeziba njia ya kwenda miguuni. Ukiiona, unaacha kila kitu unakimbia."

Hapo pazia likafunguka. Babu Breki alitoka na kisahani cha maziwa mkononi. Alikuwa akitembea kwa hadhari, maziwa yasimwagike.

"Shikamoo, mzee," alisema daktari.

"Marahaba, mwanangu. Ngoja kwanza nimpe mgonjwa dawa, ndipo tusalimiane vizuri."

"Dawa gani?"

"Yangu. Mimi nikikosa pumzi, daktari wangu ananipa hizi za presha. Nimemsagia nusu tu. Yeye ni mdogo."

Daktari alisimama wima kama aliyechomwa na sindano. "Mzee, tafadhali, weka chini hicho kisahani!"

Babu Breki alishtuka. Maziwa yakamwagika kwenye kiatu chake.

"Ameshakunywa?" aliuliza daktari. "Hata tone?"

"La. Jana usiku nilimtilia kwenye samaki. Akanusa, akanigeuzia mgongo. Samaki nikamtupa. Ndiyo nikafikiri maziwa."

Daktari alishusha pumzi ndefu. "Basi pua yake imemwokoa. Mzee wangu, najua ulitaka kumsaidia. Lakini mwili wa paka haufanyi kazi kama wetu. Dawa yako ya presha ingeweza kumwangusha asiamke. Na zile za maumivu, kama parasetamoli, hata kipande kidogo kinamuua. Dawa ya mtu usimpe paka kamwe, mpaka daktari wa wanyama aseme."

Mzee aliweka kisahani juu ya meza ya kukatia. Fundi alichukua kitambaa, akainama, akamfuta baba yake kiatu.

"Twende," alisema daktari. "Gari langu liko nje. Una kikapu chenye matundu?"

Fundi alikuwa na kikapu cha plastiki cha nguo chafu. Alitandika kitambaa laini ndani. Alitaka kumkamata Kifungo harakaharaka, lakini daktari alimzuia.

"Taratibu. Usimkimbize, usimbane kifua, usimlaze chali. Paka asiyepata hewa, hofu ndiyo inammaliza. Hata maji usimnyweshe kwa nguvu."

Daktari alipitisha mkono chini ya paka, akamwinua kama mtu anayeinua mkate wa moto, akamweka kikapuni akiwa amekaa vilevile alivyotaka mwenyewe. Juu akaweka kanga nyepesi, akaacha upande mmoja wazi hewa ipite. Fundi alitundika kibao cha "Nimetoka", akafunga mlango. Mzazi mmoja aliyekuja kufuata sare alianza kulalamika, akaona uso wa Fundi, akampisha.

Ndani ya gari Babu Breki alikaa mbele. Daktari alikata kona moja vibaya, tena bila kuwasha taa ya kuashiria. Siku nyingine mzee angetoa hotuba. Siku hiyo hakuinua hata nyusi. Alikuwa amegeuza shingo, anatazama kikapu kwenye mapaja ya binti yake.

Kliniki ilikuwa na chumba cha kusubiria chenye benchi, na chumba cha ndani chenye meza ya chuma. Kifungo hakuwekwa mezani. Alichomwa sindano moja upesi, kisha akaingizwa kwenye sanduku la plastiki angavu, na mpira wa oksijeni ukaunganishwa.

"Hamumpimi?" aliuliza Fundi.

"Bado. Nimesikiliza kifua kwa haraka. Kuna sauti kama karatasi inayokunjwa, yaani maji kwenye mapafu, na mapigo ya moyo hayako sawa. Sindano ni ya kuyatoa hayo maji, atayakojoa. Tukimlazimisha vipimo vyote sasa, tunaweza kumpoteza hapahapa. Apumzike kwanza. Nanyi pia pumzikeni."

Walikaa kwenye benchi. Babu Breki alisema, huku akitazama sakafu:

"Ni mimi. Nimemkimbiza na ule utepe wangu mpaka moyo umepasuka."

"Baba, usiseme hivyo."

"Nilikuwa namwona amechoka. Nikamwita mvivu. Nikacheka."

"Hata mimi nilicheka. Na mimi ndiye niliyeshika mgongo wake, nikaona amekonda, nikasema nimalize sare."

Mzee alimtazama. Mara ya mwisho wawili hao kukaa hivi, bega kwa bega kwenye benchi la kusubiria, ilikuwa hospitalini, siku mke wa mzee alipolazwa. Fundi aliuchukua mkono wa baba yake, akauweka kwenye mapaja yake, akaushikilia hapo.

Mlango ulifunguliwa. Daktari alitokea, safari hii akitabasamu.

"Amekojoa," alisema.

Babu Breki alimwangalia bila kuelewa. "Nani?"

"Kifungo. Amekojoa sana, na amefunga mdomo. Anapumua vizuri zaidi. Njooni mwone."

Kifungo alikuwa amelala ndani ya sanduku, miguu ameikunja chini ya kifua, macho nusu wazi. Tumbo halikuwa likipiga tena kwa fujo. Fundi aliegemeza paji la uso kwenye plastiki. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke.

Paka alipotulia kabisa, daktari alimpima moyo kwa mashine ya ultrasaundi, ile inayoonyesha picha ya ndani bila kupasua. Alimnyoa manyoya kidogo ubavuni, akampaka mafuta maalumu. Kwenye skrini moyo ulionekana ukifumba na kufumbua.

"Mzee, wewe ni dereva, utanielewa upesi," alisema daktari. "Moyo ni pampu. Hapa kuta zake zimenenepa. Zikinenepa, nafasi ya damu ndani inakuwa finyu, na pampu hailegei vizuri ili ijae. Damu inarudi nyuma, na maji yanavujia kwenye mapafu."

"Basi pampu imeharibika kwa kukimbizwa sana."

"Hapana. Sikiliza vizuri hapa. Utepe wako haukumletea ugonjwa. Ugonjwa kama huu mara nyingi ni wa kuzaliwa nao, unapita kwenye damu ya ukoo. Mchezo uliutoa hadharani tu. Wewe hukumwumiza. Asingecheza, tusingejua mapema."

Babu Breki aliuliza tena, taratibu, kama anayetaka kuhakikisha amesikia. "Si mimi?"

"Si wewe, mzee wangu," alirudia daktari.

Mzee alitoa leso, akajifanya anafuta miwani. Miwani yenyewe alikuwa ameiacha nyumbani.

"Atapona?" aliuliza Fundi.

"Sitakudanganya. Kuta zilizonenepa hazirudi kuwa nyembamba. Lakini tumemwahi. Kuna dawa ya kutoa maji na nyingine ya kuzuia damu isigande. Paka wengi wanaishi vizuri nazo, wengine muda mrefu. Mnachotakiwa ni kuwa macho. Paka ni bingwa wa kuficha maradhi."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema Babu Breki.

"Ndiyo maana ninyi mtamuumbua mapema, kabla ya hicho kifo. Wengine hawaonyeshi dalili yoyote, mpaka daktari asikilize kifua. Na hata kifua kikiwa na sauti ngeni, si lazima awe mgonjwa. Kipimo ndicho kinachosema."

Kisha akawafundisha jambo moja la kufanya nyumbani. Paka akiwa amelala fofofo, wamtazame ubavu. Ukipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Wahesabu kwa dakika moja. Paka aliyelala huwa chini ya thelathini. Wakiona imezidi, wahesabu tena baadaye kidogo; ikibaki juu, wapige simu bila kungoja. Na akifungua mdomo kuhema, au ufizi ukiwa wa buluu au mweupe, hakuna kuhesabu tena, ni kukimbia kliniki.

"Jambo la mwisho," alisema daktari. "Ana ndugu?"

"Dada yake yuko kwa mwokaji mikate," alisema Fundi.

"Mwambieni amlete. Hata kama ni mzima wa afya."

Kifungo alibaki kliniki mpaka kesho yake, kisha akarudi nyumbani ndani ya kikapu kilekile, amenuna kwa sababu ya ubavu ulionyolewa.

Mwokaji mikate alipoambiwa, alicheka. "Paka wangu? Huyu anayeiba siagi? Moyo wake ni wa chuma!" Babu Breki hakubishana. Alivuta kiti hapo dukani, akaanza kusimulia tangu siku ya utepe. Alipofika kwenye kisahani cha maziwa, mwokaji alikuwa ameshavua aproni. Alimpeleka paka wake kupimwa. Moyo ulikuwa safi. Daktari alisema arudishwe mara kwa mara, maana hali inaweza kubadilika. Mwokaji alirudi akiringa mtaa mzima kana kwamba amepimwa yeye.

Dawa ilikuwa vita. Siku za mwanzo Kifungo alikitema kidonge kila kona. Kimoja Fundi alikikuta kimeshonwa ndani ya mfuko wa suruali ya mteja. Baadaye mzee aligundua kwamba kikifichwa ndani ya kipande cha samaki, kisha kipande hicho kikitolewa kati ya vipande viwili visivyo na kidonge, paka anameza vyote asiulize swali. Kazi hiyo ikawa yake. Hakuruhusu mtu mwingine aiguse, wala hakuiruka hata siku moja.

Fundi naye alibadilika. Mteja akimwambia, "Mwanangu anakohoa, nitampeleka wiki ijayo," au "Mbuzi wangu hali, tutaona," yeye anazima mashine. Anageuka. "Sare yako itangoja," anasema. "Nenda kwanza."

Walipomrudisha Kifungo kwa daktari, mapafu yalikuwa makavu. Alikuwa ameongezeka uzito. Mgongo haukuchoma tena vidole. Alikuwa akicheza pia, kwa kiasi chake mwenyewe: anarusha mguu, anakaa, anafikiri, anarusha tena. Babu Breki alimsubiri bila kumharakisha.

Mchana mmoja wenye utulivu Fundi alimaliza kupiga pasi, akatazama saa ukutani, akasema, "Ngoja nimhesabu huyu." Kifungo alikuwa amelala juu ya tumbo la mzee, na mzee mwenyewe alikuwa amelala kwenye kiti chake, anakoroma. Fundi alisogea, akainama, akaanza. Moja. Mbili. Akachanganyikiwa. Tumbo la mzee lilikuwa likipanda na kushuka, na paka akipanda na kushuka nalo. Hakujua pumzi ipi ni ya nani. Alianza upya, akashindwa tena.

Alinyoosha mikono ili amwinue paka. Babu Breki akafungua jicho moja.

"Unafanya nini?"

"Nahesabu pumzi za Kifungo, Baba. Unanivurugia."

"Basi tuhesabu wote wawili, ugawanye kwa mbili," alisema mzee, akafumba jicho, akaweka kiganja juu ya mgongo wa paka.

Fundi alicheka, akavuta kigoda, akakaa kungoja mmoja wao aamke.